Treni ya Nairobi–Mombasa: tiketi gani kwa mama anayesafiri mara ya kwanza?

Huku kwetu reli haipiti. Kutoka Musienene mpaka Butembo, Beni na Kasindi ni barabara tu, na barabara hiyo tunaijua wenyewe. Ndiyo maana mama anayetumwa na kikundi kutazama bei ya vitenge na vyombo kule Mombasa anauliza mengi juu ya mpaka na basi, lakini habari ya treni anaikumbuka akiisha kufika Nairobi. Hapo amechoka, feza iko mkononi, na kila mtu anampa shauri lake. Feza yenyewe ni ya likelemba. Afazali shauri lifanyike hapa, mbele ya kutoka.

Zamani kulikuwa na reli karibu yetu: ile ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956, juu ya shaba ya Kilembe. Leo abiria hapandi tena treni pale. Basi litakubeba mpaka Kampala, halafu Nairobi, na kutoka Nairobi ndipo unapata treni ya Mombasa, Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ni zaidi ya kilometa 470.

Tangu Januari 2024 bei ya daraja la kawaida ni shilingi 1500 za Kenya, karibu dola 12. Daraja la kwanza ni 4500, karibu dola 35. Mama wawili wakienda na kurudi, daraja la kawaida litakula shilingi 6000, na la kwanza 18000. Tofauti ni dola zaidi ya 90. Mimi sioni sababu ya kikundi kulipa tofauti hiyo. Ni kweli, katika daraja la kawaida viti vinatazamana, watatu upande mmoja na wawili upande mwingine, na magoti yanagusana na ya mgeni. Lakini ni safari ya saa tano au sita, si siku mbili. Mama mwenye mimba kubwa au mwenye mgongo mbaya, huyo kikundi kimfikirie peke yake. Mtoto chini ya miaka 3 halipi. Kutoka miaka 3 mpaka 11 analipa nusu.

Jambo ninaloona kubwa kuliko daraja ni saa. Kuna treni ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa mchana na ya saa nne usiku. Ile ya usiku inawavuta wengi kwa sababu unaokoa feza ya kulala. Lakini inakufikisha Mombasa kati ya usiku, mbele ya mapambazuko, na steshoni iko Miritini, mbali na mji. Mama mgeni, na feza ya wenzake kwenye kitambaa, atatafuta teksi saa hiyo kwa nani? Chukueni ya asubuhi. Inasimama njiani, Mtito Andei, Voi na kwingine, kwa hiyo inakawia kidogo, lakini mtafika jua likiwaka. Na mkipita Tsavo, tazameni dirishani, mnaweza kuona tembo.

Msisahau kwamba saa ya Kenya iko mbele ya yetu kwa saa moja. Simu isipojibadilisha yenyewe, utafika steshoni treni imekwisha kwenda. Tena steshoni ya Nairobi haiko katikati ya mji, iko Syokimau, na inafaa kufika saa nzima mbele. Mizigo inapangwa chini, mbwa wa polisi wanainusa, halafu inapita kwenye mashine. Kisu cha jikoni kiacheni nyumbani.

Kununua tiketi: watu wengi wanalipa kwa M-Pesa, lakini M-Pesa yetu ya Vodacom si ile. Inatakiwa laini ya Safaricom, ambayo mgeni anaiandikisha kwa pasiporti. Asiye na laini anunue kwenye kaunta ya Shirika la Reli. Usimpe feza kijana wa njiani anayesema atakukatia haraka. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasiporti. Sisi Wakongomani tuna majina matatu, na tukianza kuyageuza-geuza, mlangoni watauliza huyu ni nani. Mwezi wa kumi na mbili na wakati wa likizo za shule tiketi zinakwisha mapema, basi nunueni ya kurudi pamoja na ya kwenda.

Wengine wameuliza kama kuna karti moja ya kusafiria siku nyingi. Kwenye njia hii kila safari ina tiketi yake. Karti za namna hiyo ziko Ulaya: Eurail ni ya sisi tunaokaa nje ya Ulaya, Interrail ni ya wanaokaa huko. Mama anayekwenda Brussels kumwona mtoto wake na kurudi, haimfai. Inamfaa anayezunguka inchi nyingi, na hata hivyo treni nyingi za mwendo kasi zinadai malipo mengine ya kiti.

Kwenye mfuko wa mkono tieni pasiporti na karti ya chanjo ya homa ya manjano. Mabalo ya bidhaa hayapandi na abiria, yatarudi kwa lori. Bei ya lori ulizeni huko huko Mombasa, mbele ya kulipa bidhaa.