Kitochi chaingia uwanjani, simu janja yaanzia benchi

UKITAKA kumjua adui mpya wa shabiki wa soka, nenda kibanda umiza siku ya mechi kubwa, kisha kaa benchi la nyuma kabisa. Usiangalie skrini, angalia vichwa. Mpira ukiwa katikati ya uwanja, nusu ya vichwa vimeinama na nyuso zinamulikwa na mwanga wa simu. Watu wamelipa kiingilio, wamebanana kwenye mbao, jasho linawatoka, halafu wanaperuzi.

Kisha anatokea yule mmoja. Penalti imetolewa, mpigaji anaweka mpira, kibanda kizima kimya. Ghafla simu ya jamaa wa pembeni inalia. Anaichungulia, anacheka: "Kakosa huyo!" Mpigaji hajaanza hata kukimbia. Sekunde chache baadaye kipa anaupangua mpira, na kibanda ambacho kingelipuka kwa kelele kinaishia kuguna tu. Wengine wanamgeukia jamaa kwa hasira, yeye anajitetea kwamba simu ndiyo iliyosema.

Kinachotokea pale hakina uchawi. Picha ya televisheni inapanda kwenye satelaiti na kushuka, na kama mechi inaonyeshwa kwa intaneti inachelewa zaidi. Taarifa ya programu ya matokeo ni herufi chache tu, zinapita kama upepo. Matokeo yanafika, raha inabaki njiani.

Wapo waliochoka. Siku hizi anayetoa kitochi mfukoni kijiweni hachekwi tena kama zamani, hasa siku ya mechi. Laini inachomolewa kwenye simu janja, inavalishwa kile kifremu cha plastiki ili ienee kwenye simu ya vitufe, na simu janja yenyewe inabaki nyumbani juu ya kabati. Mwenye shida atapiga. Mwenye neno refu ataandika SMS. Grupu la WhatsApp la watani litaendelea kutukanana bila yeye, na akirudi usiku atakuta jumbe 400 ambazo hazina hata moja ya kumsaidia.

HATA ULAYA WALISHTUKA

Anayedhani haya ni malalamiko ya wazee wa uswahilini, akumbuke kilichotokea Uholanzi Agosti 2014. PSV Eindhoven walikuwa wamefunga intaneti ya bure kwenye uwanja wao, Philips Stadion. Klabu ilitegemea shukrani. Mashabiki wakaja na bango kubwa lenye tusi kwa Wi-Fi, na chini yake ujumbe kwamba watu washangilie timu. Walijua kabisa kwamba mtu mwenye intaneti ya bure mkononi hapigi makofi, kwa sababu mkono mmoja tayari una kazi.

Mwezi huohuo Manchester United walipiga marufuku kuingia Old Trafford na tableti na kompyuta mpakato. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, lakini mashabiki waliochoka kuangalia mechi kupitia mgongo wa tableti ya mtu wa mbele hawakusikitika.

Makocha nao wana vita yao. Sir Alex Ferguson aliwahi mapema. Mwaka 2011, baada ya Wayne Rooney kurushiana maneno na mtu kwenye Twitter, mzee yule alisema mtandao ule ni kupoteza muda na kwamba ni bora mtu aende maktaba akasome kitabu. Wengi walimcheka wakati ule, wakimwona ni mzee aliyepitwa na wakati. Mwaka 2016 Pep Guardiola, ambaye hakuna anayemwita mtu wa zamani, alipotua Manchester City akakata intaneti kwenye uwanja wa mazoezi. Aliyeitoa siri hiyo ni beki wake Pablo Zabaleta. Guardiola alitaka wachezaji wale pamoja na wazungumze, badala ya kila mmoja kukaa mezani na dunia yake. Hakuna anayeweza kuapa kwamba pointi 100 za msimu wa 2017/18 zilitokana na intaneti kukatwa. Lakini hakuna aliyelalamika kwamba timu ile ilikuwa haielewani.

Frank Lampard aliamua kugusa mifuko. Orodha ya faini zake pale Chelsea ilipovuja Novemba 2019, miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa kulikuwa na simu kuita wakati wa chakula cha timu au kikao. Faini yake pauni 1,000.

PASI INAYOPOTEA

Watu wa sayansi wameshaingia kwenye suala hili. Watafiti wa Brazil, wakiongozwa na Leonardo Fortes, waliwapa wachezaji simu zenye mitandao ya kijamii kabla ya kucheza, kwa muda tofauti, kisha wakapima uamuzi wao wa kupiga pasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Robo saa haikuleta shida. Waliokaa na simu kwa dakika 30 au 45 waliamua vibaya zaidi.

Hapo ndipo penye funzo kwa wachezaji wetu. Kosa halikuwa kwenye miguu, maana miguu ilikuwa ileile. Kilichochoka ni kichwa. Akili iliyotumia nusu saa kuruka kutoka picha hadi picha, kutoka tusi hadi kichekesho, inafika uwanjani imeshafanya mamia ya maamuzi madogo yasiyo na maana. Beki wa kati anapewa sekunde moja kuamua kama atampa kiungo au atapiga mbele, na ile sekunde anaitumia vibaya. Jukwaani watu wanasema "leo hayupo mchezoni." Ni kweli, hakuwepo tangu kwenye basi.

Timu za hapa nyumbani zina kazi kubwa zaidi, kwa sababu mchezaji wa ligi yetu anafikiwa kirahisi mno. Akikosa bao kwenye dabi, matusi yanamfikia kabla hajafika bafuni. Thierry Henry, mtu mwenye jina na heshima ya kutosha, alijiondoa kwenye mitandao ya kijamii Machi 2021 kwa sababu ya ubaguzi na uonevu uliojaa humo. Wiki chache baadaye soka zima la England lilisusia mitandao hiyo kwa siku nne. Kama Henry alichoka, kijana wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana atahimili vipi?

NYOKA AREJEA CAMP NOU

Wauza simu wamesoma mchezo. Machi 2025 kampuni ya HMD, ambayo ndiyo iliyofufua simu za Nokia, ilizindua simu ya vitufe yenye rangi na nembo ya Barcelona, ikaiita Barça 3210. Klabu ileile inayotaka ufuate kurasa zake kila saa sasa ina nembo yake kwenye simu ya kukupumzisha na kurasa hizo. Biashara haina aibu.

Ila jina hilo limebeba kumbukumbu. Nokia 3210 ya kwanza, yenye mchezo wa nyoka na isiyo na kamera, ilitoka mwaka 1999. Mwaka huohuo, Mei 26, Manchester United walikuwa nyuma kwa bao 1-0 mbele ya Bayern Munich pale Camp Nou mpaka dakika 90 zinaisha. Dakika za majeruhi Teddy Sheringham akasawazisha, Ole Gunnar Solskjaer akamaliza kazi. Aliyekuwa akiangalia aliyaona yote mawili. Shabiki wa leo, dakika ya 88, timu yake ikiwa nyuma, yuko wapi? Yuko kwenye grupu anajibu kejeli, au anaandika kwamba kocha afukuzwe. Bao la kwanza atalisikia kwa kelele. La pili atalikuta akiwa bado anatafuta marudio ya la kwanza.

MKEKA HAULALI

Kuna jambo zito kuliko yote haya, nalo ni kubeti. Zamani mtu alisuka mkeka wake kabla ya mechi, akakunja karatasi, akaweka mfukoni, akasubiri. Mkeka ukichanika, umechanika. Simu janja imeleta kubeti mechi ikiendelea: nani atapata kona inayofuata, nani atapewa kadi, kama bao litaingia kabla ya mapumziko. Odi zinapanda na kushuka kila sekunde, na kidole kiko palepale. Mtu anaingia kibandani na nauli ya kurudi, anatoka anatembea kwa miguu, na ukimuuliza mechi ilikuwaje hana la kusimulia. Aliangalia namba tu.

Kitochi hakimponyi mtu wa namna hiyo. Kubeti kwa menyu ya namba za nyota na reli kupo, na pesa za mtandao zinatumwa na kitochi kama kawaida. Lakini kitochi hakikuonyeshi odi zikicheza mbele ya macho yako. Lazima ubonyeze, usubiri, usome menyu, ubonyeze tena, uweke namba ya siri. Katikati ya usumbufu huo kuna nafasi ya mtu kujiuliza anafanya nini. Kwa wengine nafasi hiyo inatosha kuokoa hela ya unga.

Hasara nazo zipo, na asiyezisema ni mwongo. Machi 8, 2025, dabi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, na siku kama hiyo taarifa inakimbia mitandaoni kuliko kokote. Mwenye kitochi anategemea redio, au jirani mwenye huruma. Hawezi kuona bao la mkononi likichambuliwa kwa picha kutoka pembe nne. Hawezi kutazama mechi ya ugenini akiwa ndani ya daladala. Mama anayeuza genge na kupokea oda kwa WhatsApp hawezi kuambiwa aitupe simu janja eti kwa sababu ya Ligi Kuu. Ndiyo maana wengi wanaojaribu hawahami moja kwa moja. Wanahama Jumamosi na Jumapili.

REDIO MFUKONI

Na hapo ndipo kitochi kinapotoa kile ambacho kizazi cha bando hakikukijua. Vitochi vingi vina redio ya FM, na kwenye vingi waya wa hedifoni ndio antena. Haili bando hata shilingi. Waliokua wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam enzi za Ahmed Jongo na Charles Hilary wanajua kwamba mpira wa redioni humwachi mtangazaji hata dakika moja. Ukiwaza jambo lingine umeshapoteza mpira, hujui uko kwa nani. Masikio yanafanya kazi ambayo macho yamesahau.

Redio nayo huiwahi picha, hilo lisifichwe. Mwenye hedifoni kibandani anaweza kujua bao kabla ya wenzake wote. Tofauti ni kwamba amevaa waya masikioni na simu yake hailii kumwambia jirani. Akiwa muungwana, atafunga mdomo sekunde chache, mpigaji wa penalti akimbie, apige, na kibanda kilipuke chenyewe.