Je, Wajua? Jembe, Nyumba na Mlolongo

Je, wajua kwamba mwaka 1965 Watanzania walichagua wabunge kati ya jembe na nyumba? Kwa upande wa Bara chama kilikuwa kimoja tu, TANU, ila majimbo mengi yaliwekewa wagombea wawili, kila mmoja na alama yake. Walipanda jukwaa moja, na kampeni ilikuwa kwa Kiswahili, si kwa lugha za makabila. Usidhani ulikuwa mchezo wa kuigiza: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1988 nchini Kenya kura za mchujo za chama tawala, KANU, zilipigwa kwa miguu? Ulijipanga nyuma ya wakala wa mgombea umtakaye, mchana kweupe, chifu anakuona, mwajiri anakuona, na yule anayekudai anakuona pia. Aliyevuna zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alipita moja kwa moja, kura ya siri asiipitie kabisa. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kwamba mstari mfupi ulitangazwa mrefu. Ajabu gani basi watu wakiamua kubaki shambani? Chama chenyewe kiliufuta mlolongo Desemba 1990.

Je, wajua kwamba wengi waliohojiwa na Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, takriban asilimia 80, walitaka Tanzania ibaki na chama kimoja? Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilika.

Je, wajua kwamba huwezi kuwa Rais wa Kenya kwa kura za kwenu pekee, hata zikijaa pomoni? Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Ndiyo maana wagombea hufunga safari hadi kaunti ambazo zamani wangezipungia mkono kutoka kwenye ndege.

Na je, wajua kwamba nchini Tanzania halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia? Mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Mwenyekiti akikwambia eneo la malisho limeshapata mwekezaji, mwombe muhtasari wa mkutano ulioridhia.