Tumbili wa Shilingi Elfu Mbili

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa mwaka jana tu, likizo ya Agosti, nikiwa nyumbani Raila, Kibera.

Kijana mmoja alitokea upande wa Bypass, kule kwenye msitu wa Ngong Road, akiwa na katoni. Ndani mlikuwa na mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba kiunoni. "Huyu ni thao mbili tu, brathe," aliniambia. "Atakuwa beste yako." Nilikuwa na akiba yangu, basi nikakimbia nyumbani kuichukua. Nyanya alinisimamisha mlangoni. "Mjukuu wangu, na mama yake yuko wapi?"

Nikarudi kuuliza. Kijana alicheka. "Mathake alikataa kumwachilia."

Pesa zilibaki mfukoni. Mtoto wa tumbili hung'ang'ania tumbo la mamake mchana na usiku. Anayemtaka mtoto mara nyingi humuua mama kwanza. Kwa sokwe mambo ni mabaya zaidi, kwani jamaa wengine hujitokeza kumtetea mtoto, nao huuawa pia.

Shule zilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu wetu wa Biolojia kama kuna sheria ya kuzuia mambo haya. Alinielekeza kwenye Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini. Ulitiwa sahihi mjini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Kenya ilijiunga mwaka 1978, na leo wanachama ni zaidi ya 180.

Mkataba huu una orodha tatu. Ya kwanza ni ya viumbe walio karibu kuangamia: hawa hawaruhusiwi kuuzwa nje kwa biashara. Sokwemtu na gorila wamo humo. Ya pili ni ya wale wanaoweza kuuzwa, mradi nchi wanakotoka itoe kibali baada ya wataalamu kuthibitisha kwamba biashara hiyo haitawamaliza. Ya tatu ni ya viumbe ambao nchi moja imeomba wenzake wasaidie kuwalinda. Ukoo mzima wa nyani, kuanzia komba hadi sokwe, umo katika orodha ya kwanza au ya pili. Hata tumbili wetu wa Ngong Road yumo katika ya pili.

Je, karatasi hizi zinasaidia? Zinasaidia pale mtu anapofungua sanduku. Januari 2005, sanduku lililotoka Misri lilinaswa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, hapa hapa Nairobi. Ndani mlikuwa na sokwemtu sita wachanga pamoja na tumbili wanne. Sokwemtu mmoja alikufa. Watano waliobaki walipelekwa Sweetwaters, Laikipia, makao ya sokwemtu yaliyofunguliwa mwaka 1993. Kumbuka, Kenya haina sokwemtu wa porini hata mmoja. Sisi tulikuwa njia tu, na njia ikafungwa.

Lakini kibali nacho huweza kusema uongo. Mwaka 2013, CITES ilisimamisha biashara na nchi ya Guinea. Ilikuwa imebainika kwamba sokwemtu zaidi ya 100 walipelekwa China kwa vibali vilivyodai wamezaliwa vizimbani, ilhali Guinea haikuwa na mahali pa kuwazalisha.

Tena mkataba huu hulinda mipakani tu. Mbega mwekundu wa Mto Tana yumo katika orodha ya kwanza, lakini shida yake kubwa si wauzaji, ni panga na shoka: misitu ya kando ya mto hukatwa ili watu walime. Na tumbili anayeuzwa Raila kwa mnunuzi wa Raila havuki mpaka wowote. Huyo hulindwa na sheria yetu wenyewe, ile ya wanyamapori ya mwaka 2013, inayokataza kumfuga au kumuuza bila kibali.

Sasa nirudi kwa kundu langu. Nilipokuwa nikisoma haya niliwakasirikia sana matajiri wa ng'ambo wanaonunua sokwe. Halafu nikakumbuka: makao makuu ya KWS yako Barabara ya Lang'ata, si mbali na kwetu. Siku ile ningeweza kwenda kupiga ripoti. Sikwenda. Nilijisifu kwa kutonunua, nikamwacha kijana aende zake na katoni yake.

Wenzangu, mkitembelewa na katoni kama ile, ulizeni swali la nyanya yangu. Kisha msiishie hapo kama mimi.