Somo la Jiografia na Historia: Mji Mdogo Uitwao Mkuu

Aliye na ramani ya dunia aifungue mbele yake. Asiye nayo asione taabu. Nitamwongoza kwa maneno.

Leo twasafiri mpaka kaskazini ya Urusi, kwenye mji uitwao Veliky Ustyug. Wakazi wake ni watu wapatao 30,000 tu. Lakini neno Veliky, kwa lugha ya Kirusi, maana yake ni "Mkuu". Bila shaka mtauliza: mji mdogo namna hiyo, ukuu wake u wapi? Swali hilo ndilo somo letu.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Wekeni kidole juu ya Moscow, mji mkuu wa Urusi. Sasa kipelekeni kaskazini mashariki, mpaka mahali mto Sukhona unapokutana na mto Yug. Mito hiyo miwili ikiungana, huwa mto wa tatu ulio mkubwa zaidi, uitwao Dvina ya Kaskazini. Dvina huenda mwendo wa kilometa 744, kisha humwaga maji yake katika Bahari Nyeupe, karibu na bandari ya Arkhangelsk. Mji wetu uko ukingoni mwa Sukhona, karibu na makutano hayo. Jina Ustyug lenyewe maana yake ni mdomo wa Yug, yaani mahali Yug unapoishia.

Nchi ile ina misitu mikubwa na mabwawa. Zamani kupita huko kwa miguu au kwa gari la farasi kulikuwa na taabu nyingi. Basi mto ndio uliokuwa barabara. Wakati wa joto watu walisafiri kwa mashua. Wakati wa baridi maji ya juu huganda yakawa barafu ngumu, hata farasi aweza kutembea juu yake akikokota gari lisilo na magurudumu, liteleزalo tu.

Sasa tuje kwenye historia. Mji huu umetajwa katika maandishi tangu mwaka 1207. Mwaka 1553 Mwingereza Richard Chancellor alifika kwa merikebu katika Bahari Nyeupe, na biashara kati ya Urusi na Uingereza ikaanza. Mwaka 1584 mji wa Arkhangelsk ukajengwa. Bidhaa zilizotoka Moscow kwenda baharini zilipita Ustyug. Ngozi za manyoya zilizotoka Siberia, upande wa mashariki, nazo zilipita Ustyug. Mji ukawa njia panda ya biashara, na katika karne ile ya 16 ukaanza kuitwa Mkuu. Matajiri wake walijenga makanisa ya matofali kando ya mto, na mengi yamesimama hata leo. Watu wa wilaya hiyo walikwenda mbali sana. Mmoja wao, Yerofey Khabarov, alianza safari ya mto Amur mwaka 1649, na mji wa Khabarovsk umepewa jina lake.

Je, ukuu huo ulipotea namna gani? Mwaka 1703 mfalme Peter alianza kujenga mji mpya, Saint Petersburg, kando ya Bahari ya Baltiki. Alitaka biashara ipite huko, akatoa amri za kuipunguza ile ya Arkhangelsk. Angalieni jambo hili vizuri. Ustyug haukushindwa vitani, wala watu wake hawakuwa wavivu. Njia ilihama, na utajiri ukafuata njia.

Lakini kazi ya mikono haikuhama. Mafundi wa Ustyug walijua kutia nakshi nyeusi katika fedha. Fundi huchora picha kwa kuichimba juu ya chombo cha fedha. Kisha hujaza michoro hiyo unga mweusi uliotengenezwa kwa fedha, shaba, risasi na salfa. Hukitia chombo motoni mpaka unga uyeyuke, halafu hukisugua, na weusi hubaki ndani ya michoro tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ujuzi huu ulikuwa karibu kufa. Mzee Mikhail Chirkov ndiye aliyeushika. Angaliweza kufa nao. Badala yake, katika miaka ya 1930, aliwafundisha vijana, na mjukuu wake alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1937 kazi zao zilionyeshwa Paris, na kiwanda cha kazi hiyo kiko mjini hata sasa.

Tusisahau hatari ya mahali hapo. Mto Yug hutoka kusini, ambako joto huanza mapema. Barafu yake huvunjika kwanza, ikateremka vipande vipande, na mbele hukuta barafu ambayo bado ni ngumu. Vipande hurundikana kama magogo yaliyokwama, maji hayana pa kupita, hupanda na kuingia majumbani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Kwa hiyo kabla ya barafu kuvunjika watu huikata kwa misumeno, na ikikwama huipasua kwa baruti. Mto uliowapa mali ndio uwaleteao mafuriko. Wahenga walisema: hakuna masika yasiyokuwa na mbu.

Siku hizi wageni wengi huja mjini kwa sababu nyingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Ustyug umetangazwa kuwa nyumbani kwa Babu Baridi, mzee wa hadithi ambaye watoto wa Kirusi huambiwa huwaletea zawadi za Mwaka Mpya. Njia ya zamani ilipohama, mji umejitafutia njia nyingine.

Basi, kabla ya kufunga daftari, jibuni maswali haya kwa maandishi:

1. Ni mito gani miwili inayoungana kuwa Dvina ya Kaskazini?
2. Kwa nini biashara ya Ustyug ilipungua baada ya mwaka 1703?
3. Kwa nini barafu ya mto Yug huvunjika mapema?
4. Mzee Chirkov asingaliwafundisha vijana, mji ungalipoteza nini?

Swali la nne lizungumzeni pamoja darasani. Kwaherini mpaka somo lijalo.