Kisu cha Kukunja: Kifungio Gani Kitalinda Vidole Vyako?

Katika nchi kavu iliyo nyuma ya vilima vya Shimba, kutoka Kinango hata Ndavaya na Samburu, ni mfugaji gani asiye na kisu karibu naye? Kwacho hukata kamba, huchonga fimbo, huchuna mbuzi na kumenya embe. Karani naye hukitumia kufungulia mizigo. Lakini wengi wanunuapo kisu cha kukunja hutazama makali na bei tu, wala hawaulizi jambo lililo kubwa zaidi: kikiisha kufunguliwa, ni nini kitakachokizuia kisijikunje juu ya vidole?

Hatari hiyo haitokei sana mtu anapokata kwa kuvuta. Hutokea ncha inaposukumwa ndani ya kitu kigumu, au mgongo wa kisu unapogonga mti. Hapo bapa hurudi kwenye mpini, nako ndiko viliko vidole. Jeraha la namna hiyo laweza kukata kano, na mkulima asiyeweza kukunja kidole hashiki jembe sawasawa. Basi yafaa tuzijue aina nne zilizo mashuhuri.

Kwanza, kisu kisicho na kifungio. Mfano wake ni kile kidogo cha Uswisi, ambacho Karl Elsener alikiandikisha mwaka 1897. Kamani hulibana bapa lisilegee, lakini halilifungi. Chafaa kwa karatasi na matunda. Hakifai kwa kusukuma.

Pili, kisu cha pete. Joseph Opinel wa Ufaransa alianza kutengeneza visu vyake mwaka 1890, na mwaka 1955 Marcel Opinel akaongeza pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili kuzuia bapa. Uzuri wake ni kwamba kufungwa kwake huonekana kwa macho. Ubaya wake ni kwamba mwenye kisu aweza kusahau kuizungusha, na mpini wa mti huvimba ukilowa maji.

Tatu, kifungio cha mgongoni. Jino la chuma huingia katika pengo lililo nyuma ya bapa. Ni imara, lakini mafuta ya nyama na vumbi vikijaa katika pengo, jino haliingii lote. Jamaa yake ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na ambacho tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Katika aina yake ijulikanayo sana, meno hulia kisu kinapofunguliwa, na pete ndogo huvutwa ili kukiachilia.

Nne, ulimi wa bati ulio ndani ya mpini, ambao Michael Walker wa Marekani aliutengeneza upya katika miaka ya 1980. Hufunguliwa na kufungwa kwa mkono mmoja. Lakini katika visu rahisi ulimi huwa mwembamba na huweza kuteleza, na tena wakati wa kukunja, kidole gumba hukaa katika njia ya makali.

Kwa kazi za shamba, basi, pete au kifungio cha mgongoni ni bora kuliko ulimi mwembamba. Hata hivyo, ufundi mzuri ni mkubwa kuliko aina. Kabla ya kulipa, fungua kisu kabisa, ondoa vidole katika njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa bapa polepole kwa kiganja. Kikijikunja au kikichezacheza, mrudishie mwenye duka.

Kila baada ya kazi, ondoa vumbi na utomvu kwa mswaki mkavu, kausha, na tia tone moja la mafuta penye kiungo. Na kwa kuchinja na kuchuna, hapana kifungio kinachoshinda kisu kisichokunjwa chenye ala yake.

Ukijikata, usitie udongo wala majivu. Osha kwa maji safi na sabuni, bana jeraha kwa kitambaa safi, kisha nenda hospitali ukaulizie sindano ya pepopunda. Kidole kikifa ganzi au kikikataa kukunjika, usingoje kesho.