Majina mawili ya babu mmoja

Mtu atafutaye habari za ukoo wake mjini Lubumbashi hukutana kwanza na tatizo la majina. Mji wenyewe uliitwa Élisabethville hadi 1966. Likasi nao ulikuwa Jadotville. Kisha mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, hata aliyebatizwa Joseph akaonekana na jina jingine kabisa katika kitambulisho. Karatasi mbili, mtu mmoja: lakini nani atashuhudia?

Hapo ndipo majirani wa kambi wanapohitajiwa. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri wafanyakazi hata kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, wakakaa pamoja. Mzee wa nyumba ya pili aweza kukumbuka jina la utani au kijiji cha asili, mambo ambayo daftari la kampuni halikuyajali. Kwa bahati mbaya Wakasai wengi walifukuzwa katika jimbo hili mwaka 1992 na 1993, na ushahidi wao ukatawanyika pamoja nao. Yafaa basi kuwaandikia jamaa walioko Mbujimayi na Kananga.

Wazee wakikubaliana mno, tushuke: huenda wanarudia simulizi moja tu. Heri kila mmoja aulizwe kwanza peke yake, tena kwa Kiswahili cha nyumbani kwake.