Injini ikimisi, tusikimbilie spana

Katika barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, hasa pande za Vipingo na Kuruwitu, si ajabu siku hizi kupitwa na gari lisilo na mvumo, mithili ya baiskeli. Hilo ni gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kazi. Toyota Prius, lililo maarufu zaidi katika jamii hiyo, lilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 1997. Kwa kuwa kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijapita miaka 8, mengi hutufikia yakiwa yamekwishasafiri maelfu ya kilomita, nasi huyaongezea maelfu mengine.

Uzee haukosi maradhi. Asubuhi moja gari huwaka likitetemeka, injini ikimisi, na chini ya boneti kukasikika mgongano kama wa nyundo. Fundi asiye na subira husikiliza mara moja tu, kisha huamua kwamba injini imekufa na inunuliwe nyingine. Uamuzi wa namna hiyo ni ramli, wala si ufundi. Na ramli hiyo hulipiwa kwa fedha ambazo pengine zilikuwa karo ya mtoto.

Hatuna budi kwanza kufahamu kwamba haibridi ni hodari wa kuficha ugonjwa wake. Silinda moja ikidhoofika, mota ya umeme huziba pengo la nguvu. Gari lisimamapo, injini nayo aghalabu huzimika, basi dereva hapati nafasi ya kuusikia mngurumo wenye kasoro. Dalili ikijitokeza waziwazi, huenda maradhi yamekaa miezi kadhaa.

Kwa hiyo uchunguzi na uanze kwa maswali. Je, injini humisi lini? Ikiwa ni alfajiri tu, nayo hutulia baada ya dakika chache, tushuku maji ya rejeta yanayovuja usiku na kuingia ndani ya silinda. Ikiwa ni wakati wa kupanda mlima au kubeba mzigo, tushuku plagi au koili. Ikiwa ni mlio mwembamba wa kugongagonga injini ikiwa na moto, tushuku mafuta kuwaka kabla ya wakati wake, jambo liletwalo na petroli duni, masizi au joto kupita kiasi.

Baada ya maswali huja mashine ya kusomea hitilafu. Alama P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi. P0300 humaanisha kwamba kasoro haijatulia katika silinda moja. Lakini mashine hutuonyesha mahali, haitupi sababu. Fundi na ahamishe koili ya silinda yenye kasoro aipeleke katika silinda nyingine. Kasoro ikiifuata koili, mkosaji amepatikana kwa gharama ndogo. Isipoifuata, achunguze plagi, kisha injekta, kisha mgandamizo wa silinda.

Tahadhari kubwa iwe katika Prius la kizazi cha tatu, lililotoka mwaka wa 2009 likiwa na injini ya lita 1.8. Mafundi wa nchi nyingi wamekwishazoea kukuta mapito yanayorudisha moshi ndani ya injini yakiwa yamezibwa na masizi, na gasketi ya kichwa cha injini ikiwa imeungua. Hapo maji ya rejeta hupungua pasipo tone kuonekana chini. Kuongeza maji kila Jumamosi si tiba. Maji hayagandamiziki kama hewa: yakijaa silinda, mkono wa pistoni huweza kupinda, na hapo ndipo injini hufa kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Isitoshe, si kila mgongano ni kifo cha injini. Injini inapomisi, mtetemo wake hukigongesha kifaa chenye springi kilicho kati ya injini na gia, nacho hutoa mlio wa kutisha. Tiba ya kumisi ikipatikana mapema, mlio huo nao huweza kutoweka. Jambo jingine ni uhai wa fundi mwenyewe: betri kuu ya Prius hilo ina volti zipatazo 200, na nyaya zake za rangi ya machungwa si za kuguswa na asiyefunzwa.

Kuruwitu penyewe pana somo la kufaa. Samaki walipopungua, wavuvi wa huko hawakuishia kulalamikia dalili. Waliunda chama chao mwaka wa 2003, wakafunga sehemu ya bahari ili samaki wazaliane, na mwaka wa 2017 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Walishughulikia chanzo.

Enyi walimu wa vyuo vya ufundi, mfundisheni mwanafunzi kuandika alichosikia, alichopima na alichokanusha, kabla hajashika spana. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba kubadilisha vipuri kila mtu aweza. Anayestahili kuitwa fundi ni yule awezaye kumweleza mwenye gari kwa nini kipuri hiki kimetolewa, na kwa nini kile kimeachwa.